Mstari Ambao Hakuna Aliyeuchora

Walicheza kwa chaki, sakafuni. Kila zamu Bi Shemsa alisogeza kete yake kuelekea duara waliloliita kisima, na mumewe akafuta mstari mmoja wa njia. Kufuta tu, kuchora kulikatazwa. Siku ya mwisho mume alimzibia njia zote, akacheka, akaingia chumbani kujinyoosha. Hakuamka.

Arobaini ilipita, mchoro ukiwa vilevile.

Asubuhi moja wifi yake, Mwanahawa, alisimama na ufagio mkononi.

"Wifi, umechora wewe?"

"Nimechora nini?"

Mstari mpya ulianzia kwenye kete. Haukwenda kisimani. Ulinyooka hadi mlango wa chumba cha marehemu, ukapenya chini yake.

"Usiguse," Mwanahawa alinong'ona.

Bi Shemsa alikuwa ameshachuchumaa, kidole juu ya kete. Ilikuwa zamu yake.