Sweta ya Lazaro

Kamanda aligoma kupanda gari. Alikaa kitako getini, masikio yamesimama, akiutazama mlango wa nyumba kana kwamba kuna mtu mwingine atakayetoka.

"Mama, nilikuomba nguo yenye harufu ya mtu wake," alisema Atupele, binti kutoka kikundi kinachowatafutia mbwa wa aina ya Jemani Shepadi makao mapya. "Bila hiyo hatalala huko aendako."

"Si hiyo kanga yangu umeshaitandika garini?" Felista alijibu kwa ukali. "Nani aliyekuwa akimpikia ugali?"

"Mbwa huchagua mtu mmoja, mama."

Felista alilijua hilo. Mumewe Lazaro alipofariki, Kamanda alilala mlangoni mpaka matanga yakaanuliwa. Na sasa mjane mwenyewe alikuwa anahamia kwa mwanawe ghorofani, ambako mbwa hawaruhusiwi.

Aliingia chumbani. Chini ya mto kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake sweta ya mumewe ambayo hakuwahi kuifua. Kila asubuhi alilegeza fundo kidogo, akavuta pumzi, kisha akalikaza upesi, harufu isije ikaisha.

Leo hakuvuta. Aliitoa sweta, akaenda kuitandika juu ya kanga.

Kamanda alinusa hewa. Mkia ukaanza kucheza. Akaruka garini, akawa anageuka huku na huku akimtafuta mwenye sweta.

Gari lilipokata kona, Felista alikuwa bado ameushika ule mfuko mtupu. Alishtuka, akaufunga fundo haraka haraka.