Sauti ya Bomba

Bomba lilikoroma kwanza, kisha sauti tamu ikasema, "Maji ni salama. Kunyweni."

"Siku hizi kila asubuhi ni salama," mama alisema kutoka kitandani. Tumbo lilikuwa likimkata kwa siku ya tatu. "Bi Mwanakombo alikuwa akitugombeza humo bombani: chemsheni, wavivu nyie! Kaenda wapi?"

Nilikinga maji kikombeni. Kila mtaa ulikuwa na mpimaji wake wa maji asiyeamriwa na meya, na bomba lilisema kwa sauti yake; wetu alikuwa Bi Mwanakombo. Fedha za mji zilipopungua, meya aliomba halmashauri yake ipime maji yenyewe, na kila mtaa upige kura. Kura za mtaa wetu zilifungana. Kidole cha mwisho kilikuwa changu, nikabonyeza kitufe cha kumwondoa kwa madaha, nikitangaza kwamba mpimaji ni mzigo.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe kikombe, mwanangu. Si limesema salama?"

Niliyamwaga maji yale, nikainjika sufuria.

"Mama, mimi ndiye niliyemtoa Bi Mwanakombo."

"Wewe? Na ukajiona bingwa?"

Nyuma yangu bomba lilirudia, "Salama."

"Nilijiona. Leo nitapita nyumba kwa nyumba nikiungama na kuomba kura irudiwe, mama, mpaka sauti yake irudi."