Vifaa Vitatu, Nukta Moja

Kifaa cha tatu kilitua juu ya kaunta kwa kishindo, na muuzaji akajua kabla hajainua macho kwamba ni yeye tena.

"Kibovu," alisema yule mama. "Kama wenzake."

Mwaka wa kumi na moja huu muuzaji alikuwa akiuza vifaa vya GPS vya kuongoza magari porini, na kabla ya hapo hakuwahi kurudishiwa hata kimoja. Huyu mama mwenye gari kuukuu la magurudumu makubwa alikuwa amemrudishia vitatu kwa wiki tatu. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha mkononi. Cha pili kilikuwa na skrini pana na ramani inayoonyesha mpaka njia za ng'ombe. Hiki cha tatu, chenye antena yake ya kubandika juu ya gari, ndicho wanachonunua wapima ardhi.

Tena mama mwenyewe hakujua kunong'ona. Wateja wawili waliokuwa dukani walisikia neno "kibovu", wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

Bosi alikwisha kusema lake: "Akirudi tena huyo, wewe kaunta utampisha mwingine. Utakwenda kupanga maboksi stoo."

"Kimekufanyia nini, mama?"

"Kimenipeleka pasipo na mtu. Kama vile viwili."

"Palepale?"

"Palepale, baba. Miiba mitupu."

Damu ilimchemka. Vifaa vitatu vya viwanda vitatu vikikosea, vitakosea mahali patatu. Vikikutana mahali pamoja, mwenye kosa ana miguu miwili na anapiga kelele dukani. Lakini mteja ni mfalme, hata asipojua kaskazini ni wapi, kwa hiyo muuzaji alimeza maneno yake na kuomba ile karatasi yenye namba za mahali.

Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imeanza kuachia. Alijaribu kila hila aliyoijua. Labda namba ziliandikwa kwa nyuzi na dakika, zikaingizwa kwa desimali: alipozigeuza, nukta iliangukia nchi nyingine. Labda ya kwanza ilikaa mahali pa ya pili: alipozibadilisha, nukta ilizama baharini. Akiziingiza kama zilivyo, ilirudi kwenye uwanda uleule wa miiba, mwendo wa saa sita kwa gari.

"Si umpigie huyo unayemwendea, akuelekeze?" aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa na makali.

"Huko hakuna mtandao. Hunipigia mwenyewe siku za Jumapili, akipanda kilimani." Mama alilieleza hilo polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Ningekuwa na wa kumuuliza, ningekuja kugombana na wewe?"

"Basi kesho twende wote. Na vifaa vyote vitatu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi sishindani na mtu. Nataka kufika tu."

Waliondoka alfajiri kwa gari la mama, vifaa vimepangwa kwenye kioo cha mbele. Kiti cha nyuma kilijaa mzigo: blanketi jipya ndani ya nailoni yake, sweta, chupa mbili za asali. Muuzaji alikuwa amejiandaa kumfundisha mama kuendesha kwenye mchanga. Walipoufikia, mama alishuka bila kuambiwa, akapunguza upepo wa magurudumu, akapanda na kukata mchanga kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake. Hilo nalo lilimuudhi.

Njia nzima vile vifaa vilisemezana kama mashangazi watatu. Kimoja kikisema "kunja kushoto", cha pili kinarudia, cha tatu kinakazia. Kila vilipokubaliana muuzaji alimtazama mama kwa jicho la pembeni. Mama alikaza macho njiani.

Adhuhuri, kwa kupishana pumzi moja, vyote vitatu vilitangaza: "Umefika."

Mama akazima injini.

Palikuwa na miiba na mchanga. Ardhi ilikuwa tambarare mpaka macho yanapoishia, hata kichuguu hakuna. Hapakuwa na alama za magurudumu ila za gari hili hili, za safari zilizopita. Muuzaji nusura apige makofi. Ameshinda! Kaunta ni yake.

Simu ikalia mfukoni mwake. Ulikuwa ujumbe wa bosi: "Haya, mkosaji nani?" Muuzaji akacheka peke yake, akaanza kuandika kwa furaha kwamba vifaa ni vizima kabisa na mama ndiye hajui lolote.

"Hapa simu inashika?" mama aliuliza.

Kidole cha muuzaji kikasimama. Akatazama alama za mtandao, zote zimejaa. Akatazama uwanda. Alikuwa na swali ambalo kwa wiki tatu hakuwahi kufikiria kuliuliza.

"Mama, namba hizi ulipewa na nani?"

"Mume wangu." Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Ndipo ilipo kambi yao ya kazi. Mwaka wa saba huu yuko hapa."

Mama akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waanze safari, na sauti ile iliyokuwa ikifukuza wateja dukani haikuwepo tena.

"Wewe ndiye mjuzi wa haya mambo, mwanangu. Niambie. Ni vibovu, sivyo?"

Muuzaji akafuta aliyokuwa ameandika. Akamwandikia bosi maneno mawili, "Kosa langu," akayatuma. Kisha akanyoosha mkono kwenye kioo, akazima kifaa kimoja baada ya kingine.

"Vibovu, mama," alisema. "Vyote vitatu."