Sauti ya Mama Darasani

Darasani kwao, Kibibi na wenzake hufundishwa kuongea Kiingereza na kishikwambi chenye sauti ya mama wa kila mtoto, maana kwa mama yake mtoto haoni haya. Kibibi, aliyekuwa akiulizwa anainamisha kichwa, sasa hanyamazi; hata nyumbani hurudi na kishikwambi chake.

Jioni moja Siwema, mama yake, alimwita kutoka jikoni. Akaita tena kwa ukali, kisha akaelekea chumbani na mwiko wake. Mlangoni akasikia sauti yake mwenyewe ikicheka, ikiongea Kiingereza asichokijua hata neno. Akaushusha mwiko, akaingia.

“We Kibibi! Nakuita, hata abee husemi?”

Mtoto hakugeuka.

“Subiri kwanza,” alisema. “Naongea na mama.”