Shimo Alilolifukia Muhanga

Mwaka ule bwawa lilipokauka, wanyama walimwendea Muhanga, bingwa wa kuchimba, wakamwomba awasaidie vijana kutafuta maji. Mbele yao alikubali kwa tabasamu. Lakini alipomkuta mwanafunzi wake Nguchiro akishauriana na Mchwa, roho ilimuuma.

“Mchwa?” alifoka. “Huyo mimi namjua kama kitoweo tu!”

“Anaujua unyevu wa udongo, mwalimu,” akajibu Nguchiro. “Na mimi nina hiki kidogo ulichonifundisha. Tuonyeshe tu pa kuanzia.”

Nyuma ya mgunga, Muhanga alikuwa na shimo lake la siri. Alilichimba peke yake miaka mitatu, akagonga mwamba, akalifukia kwa aibu. Akawapeleka hapo hapo. “Na wao waumbuke,” alisema moyoni.

Siku ya saba akasikia vigelegele. Mchwa alikuwa amepenya kwenye ufa wa mwamba na kurudi na tope mdomoni, ndipo Nguchiro akauzunguka mwamba kwa kuchimba hadi maji yakabubujika.

Kwa desturi yao, aliyeonyesha mahali ndiye hunywa kwanza. Wakamsukuma Muhanga mbele huku wakimshangilia.

“Asante, mwalimu,” Nguchiro akamnong'oneza. “Tulikuta alama za kucha zako mpaka kwenye mwamba. Hatujamwambia mtu. Sisi tulianzia pale ulipoishia.”

Muhanga akainama, akanywa. Hakuwa amewahi kuonja maji matamu kama yale, lakini hakuthubutu kumwinulia Nguchiro macho.