Njumu za Ambwene

Siku hizi klabu kubwa hazitumi mtu uwanjani kusaka wachezaji. Njumu zenyewe hupeleka habari za kila hatua, na mashine huchagua. Kaka yangu Ambwene, winga wa chuo cha ualimu katika ligi ambayo hata wapinzani husahau kuja, alizivaa miaka mitatu bila jibu.

Wiki ya mwisho ya usajili malaria ikamlaza kitandani. Jumanne mbuzi wetu aliingia kwenye mahindi. Aliyemfungulia hajajulikana mpaka leo, ingawa nilikuwepo. Mama alivaa njumu zilizokuwa mlangoni, akamkimbiza shamba zima.

Ijumaa klabu ikajibu: "Tumemsajili Ambwene. Hatujawahi kuona mtu akigeuka kama alivyogeuka Jumanne."

Mtaa mzima ulipiga vigelegele, Ambwene akabebwa juu juu. Aliposhushwa alinivuta pembeni.

"Tumpe, Jumanne si nilikuwa kitandani?"

"Hongera sana, kaka," nilimjibu kwa heshima zote.

Akaitazama miguu ya mama aliyesimama nyuma yetu, bado imo ndani ya njumu zake. "Mama, ulikuwa unageukaje?"

"Ligi inaanza lini?"

"Wiki ijayo."

Mama akajifunga kanga kiunoni. "Wee Tumpe! Nenda kamfungulie tena yule mbuzi."