Umfunge Mabawa

Kwenye kizuizi cha barabara, katika mji wa ugenini, Koplo Kihwelo alifunua kikapu cha mama mmoja akitafuta silaha, akakuta njiwa mweupe. Mikono ilimtangulia. Alimshika kama alivyozoea kuwashika njiwa wake nyumbani, miguu katikati ya vidole, akamkunjua bawa, akampuliza manyoya ya kifuani. Tangu aletwe huku kulinda amani hakuwa amegusa njiwa, na sasa hakuweza kumwachia. Foleni ikasimama.

"Afande, leo supu!" Mapunda, mwenzake wa zamu, alicheka.

Mama alimtazama koplo, kisha akaitazama bunduki yake.

"Mchukue tu, baba," alisema kwa Kiswahili alichookoteza kwa wanajeshi. "Ila umfunge mabawa. Usipomfunga atarudi kwangu, halafu mtakuja kunisumbua."

Akabeba kikapu kitupu, akapita.

Uso wa Kihwelo ukawaka. Ee Mungu wangu, ameniona mnyang'anyi. Na kweli alikuwa amemng'ang'ania ndege wa mtu muda wote ule bila kusema neno. Alitoka mbio kumfuata, njiwa kifuani.

"Mama! Mama, subiri!"

Mama alisikia buti tu. Kikapu kikamponyoka, akapiga magoti katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili juu bila kugeuka.

Kihwelo alisimama nyuma yake akihema, moyo wa njiwa ukidunda viganjani mwake.